WATOTO WETU NA MBIO ZA MATANGA

Hapana taifa liwezalo kujivunia bahari huku watoto wake wakiiogopa, wala hapana pwani iwezayo kujiita pwani ya mabaharia huku ufundi wa tanga ukizikwa pamoja na wazee wake. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaweka mbele ya wasomaji wetu leo. Yanahusu jambo ambalo wengi huliona dogo: kuwafundisha watoto kuendesha mashua ndogo za tanga, na kuwafundisha vema hata waweze kushindana, mashua ishirini au hamsini kwa wakati mmoja, juu ya maji yale yale na katika upepo ule ule.

Twajua kuwa wako watakaocheka. Watatuambia kwamba mchezo wa mashua ni mchezo wa wenye fedha, na kwamba mtoto wa mvuvi ana haja ya daftari na sahani ya wali kabla ya kuwa na haja ya kikombe cha ushindi. Hatuwabezi wasemao hivyo, maana kwa miaka mingi macho yao yamewapa ushahidi. Katika bandari zetu nyingi mashindano ya namna hii yaliletwa na wageni wakati wa ukoloni, yakachezwa ndani ya vilabu vilivyozungushiwa ua, na mwananchi akayafahamu kwa kuosha mashua au kulinda lango. Mwaka 1960, Kenya ikiwa bado chini ya Waingereza, ilishiriki mbio za matanga za Olimpiki ya Roma, ambazo zilifanyika Naples. Je, ni watoto wangapi wa Mombasa na Lamu, waliokulia ndani ya vyombo, waliopata habari kuwa mashindano hayo yako?

Lakini mlango ukiwa mwembamba haibomolewi nyumba, hupanuliwa mlango. Mchezo wenyewe hauna kosa. Kosa ni kuuacha ubaki nyuma ya ua.

Tena tanga si jambo geni kwetu. Kwa karne nyingi vyombo vya tanga vimeiunganisha pwani hii na Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, vikienda na upepo mmoja na kurudi na mwingine. Hata leo ngalawa hushindana Unguja na mashua hushindana Lamu nyakati za sikukuu, na watu hujaa ufukweni kushangilia. Mtoto aliyekulia huko hana haja ya kuambiwa kusi ni nini na kaskazi ni nini. Ajua kuwa siku za bamvua maji hukimbia kwa nguvu katika milango ya bahari, na siku za maji mafu hulegea. Ajua rangi ya maji penye fungu, na ajua wingu la mvua litaleta upepo gani. Hiyo ni elimu ambayo mtoto wa mji wa Ulaya huinunua kwa fedha nyingi na kwa miaka mingi.

Walakini kujua bahari si kujua mashindano. Katika mbio za kundi, mashua zote huanza pamoja. Mstari wa kuanzia ni mstari usioonekana, uliopo kati ya chombo cha waamuzi na boya. Dakika 5 kabla ya kuanza hupandishwa bendera ya onyo. Dakika 4 kabla, bendera ya matayarisho. Ikibaki dakika 1, bendera hii ya pili hushushwa. Dakika hiyo ikiisha, mashua huvuka mstari. Atakayevuka mapema sharti arudi na kuanza upya, na mara nyingi hujikuta mwisho wa wote. Boya la kwanza huwekwa upande unakotoka upepo, ili kila mmoja alazimike kubisha, yaani kwenda huku na huku akiupanda upepo, na hapo ndipo ufundi hutengana na bahati.

Hesabu ya ushindi nayo ina hekima yake. Wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Mbio huwa nyingi, na zikifika idadi iliyowekwa, kila mmoja huruhusiwa kuondolewa matokeo yake mabaya kuliko yote. Kwa hesabu hiyo, mtoto anayekuwa wa 3 kila siku humpita kwa urahisi yule aliyekuwa wa 1 jana, akawa wa 30 leo, na wa 25 kesho. Mchezo huu basi haumtukuzi mwenye kishindo cha siku moja. Humtukuza mwenye kudumu. Hatujui somo linalowafaa vijana wetu kuliko hilo.

Kadhalika ziko sheria za kupishana, maana mashua hamsini zikikimbilia boya moja bila sheria ni maafa. Mashua inayopigwa na upepo kutoka upande wa kushoto huipisha ile inayopigwa na upepo kutoka upande wa kulia. Zikiwa zote mbili zimepata upepo kwa upande mmoja na zinakwenda ubavu kwa ubavu, iliyo goshini huipisha iliyo demani. Aliyemwingilia mwenzake hujiadhibu mwenyewe papo hapo kwa kuizungusha mashua yake mara mbili. Aliyeligusa boya huzunguka mara moja. Sheria hizi hutengenezwa na chama cha dunia cha mchezo huu, World Sailing, na huangaliwa upya kila baada ya miaka 4. Zilizoanza mwaka 2025 zitatumika hadi mwaka 2028.

Tumesema aliyekosa hujiadhibu mwenyewe. Msomaji na ayatafakari maneno hayo. Katika kandanda mchezaji akimkwatua mwenzake hutazama kama refa ameona. Baharini, aghalabu refa yuko mbali, na mtoto wa miaka 11 ambaye ubao wa mashua yake umeligusa boya pasipo mtu kuona, hutakiwa azunguke huku wenzake kumi wakimpita. Akizunguka, amejifunza jambo ambalo hotuba mia hazifundishi. Asipozunguka, na mwalimu wake akanyamaza, naye amejifunza jambo, na litamfuata mpaka ofisini.

Sasa yatupasa tuulize: mtoto afundishwe vipi? Twasema bila kusitasita kwamba la kwanza si ushindi, ni uhai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Watu wa pwani na wa maziwa makuu hawana haja ya takwimu ili kuujua msiba huo. Kila kijiji kina jina lake la kulitaja kwa huzuni. Ni aibu kwamba watoto wengi wanaoishi hatua chache kutoka majini hawajui kuogelea. Basi mtoto asikabidhiwe demani wala usukani kabla hajajua kuogelea na kabla hajazoea kuvaa jaketi la uokozi, si kwa siku ya wageni tu, bali kila siku. Kisha aipindue mashua kwa makusudi, katika maji matulivu, mwalimu akiwa karibu; ajifunze kuiinua, kuingia tena, kushika upo na kufua maji mpaka iwe nyepesi. Aliyepinduka mara ishirini kwa hiari yake hatahangaika siku atakapopinduka bila kupenda.

La pili ni kuitawala mashua kabla ya kuikimbiza. Walimu wazuri wa mchezo huu humwondolea mtoto usukani, wakamwambia aende kwa tanga na uzito wa mwili wake tu. Humfunga kitambaa machoni kwa dakika chache, ili aujue upepo kwa shavu na shingo badala ya kuutafuta kwa macho. Humwamuru ageuze mashua kila filimbi inapolia, mpaka mikono na miguu ijue njia yake yenyewe. Tena humfundisha kusimama: kuiweka mashua kando ya boya kwa dakika nzima bila kusogea, kisha kuiondoa kwa ghafula. Wengi hudhani mbio hujifunzwa kwa kukimbia. Kumbe asiyeweza kuisimamisha mashua yake mstarini hawezi kuianza mbio vizuri, kwa kuwa atakuwa amefika mapema au amechelewa.

La tatu ni mazoezi mafupi yaliyorudiwa mara nyingi. Mianzo kumi katika saa moja, kila mmoja ukifuatiwa na mbisho mfupi wa dakika tatu au nne, humfaa mtoto kuliko safari moja ndefu ya kutwa. Huko ndiko atakapojua kuwa mstari mara nyingi haukai sawasawa na upepo. Ncha moja huwa karibu zaidi na boya la juu, na mwerevu huitambua kabla ya bendera kushuka. Huko ndiko atakapojua kuwa upepo haukai mahali pamoja: ukiyumba hata ukaisukuma omo ya mashua mbali na boya, huo ndio wakati wa kugeuka, ukiisogeza karibu na boya, na aendelee. Na huko ndiko elimu ya bamvua aliyorithi kwa babu yake itakapompa fedha ya kigeni, kwa kuwa mwenye kujua maji yanakwenda wapi huwapita wenye matanga mapya wasiojua.

La nne ni darasa la ufukweni. Kila mazoezi yaishie mchangani. Mwalimu achore upepo na maboya kwa kijiti, watoto waweke kandambili zao mahali pa mashua, kila mmoja aeleze alikuwa wapi, aliamua nini na kwa nini. Asiulizwe kwanza alikuwa wa ngapi. Aulizwe alifanya nini. Na awe na daftari la kuandika, maana kisichoandikwa huondoka na maji ya jioni.

Tunarudi sasa kwa ndugu zetu wanaosema fedha hazitoshi. Mashua inayotumiwa na watoto karibu dunia nzima, Optimist, ilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills huko Clearwater, katika jimbo la Florida, Marekani. Haikubuniwa kwa ajili ya matajiri. Mills aliombwa achore mashua rahisi ambayo mzazi wa kawaida aweza kumwundia mtoto wake kwa bei ndogo, kwa mbao za plaiwudi zinazouzwa madukani. Urefu wake haufiki mita 2 na nusu, ina tanga moja, na mtoto huiendesha peke yake mpaka mwaka anaotimiza miaka 15. Akikua huhamia chombo kikubwa kidogo, mara nyingi kile kilichochorwa na Bruce Kirby wa Kanada na kujulikana kwa jina la Laser, ambacho tangu mwaka 2019 huitwa ILCA. Uzuri wa chombo hiki ni kuwa bodi ni moja lakini matanga ni ya vipimo vitatu, hivyo mwembamba na mnene, binti na kijana, kila mmoja hupata linalomfaa.

Sasa twauliza: katika pwani hii yenye mafundi wanaounda jahazi zima kwa msumeno, tezo na jicho, bila karatasi ya ramani, hivi kweli tutashindwa kuunda mashua ya plaiwudi yenye urefu wa kitanda? Ni kweli kwamba mashindano ya kimataifa yana vipimo vyake, na mashua isiyopita vipimo hairuhusiwi. Lakini mazoezi hayana mpaka huo. Kinachotakiwa ni mashua kumi zinazofanana, ili anayeshinda ashinde kwa ufundi na wala si kwa mfuko wa baba yake. Hata ngalawa ndogo kumi, zikipewa mstari, maboya na sheria zile zile, zitatosha kwa darasa la mwanzo. Mwenye kungoja mashua ya Ulaya ndipo aanze, atangoja huku mtoto anaota ndevu.

Mfano hauko mbali. Msumbiji, jirani yetu ng'ambo ya Ruvuma, iliandaa Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka 2011, na mbio za matanga zilikuwamo. Miaka 10 baadaye, katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, mabinti watatu wa Msumbiji waliteremka baharini Enoshima: Denise Parruque na Maria Machava katika mashua moja ya watu wawili, na Deizy Nhaquile katika mashua ya mtu mmoja. Hatusemi kwamba michezo ile ya Maputo peke yake ndiyo iliyowafikisha. Twasema kwamba nchi yenye bahari ile ile, pepo zile zile na shida nyingi zile zile iliweza. Nao Shelisheli, wenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi, walimtoa Allan Julie, aliyeiwakilisha nchi yake katika Olimpiki zaidi ya mara moja. Tukitazama hayo hatuna budi kuona haya kidogo, na haya ikiwa na nia njema huzaa kazi.

Mabinti wale watutie pia kufikiri juu ya nyumba zetu wenyewe. Katika vijiji vingi vya pwani chombo ni cha wavulana, na msichana huishia ufukweni akingoja samaki. Bahari haina habari hiyo. Katika mashua ya mtoto hakuna kazi ambayo msichana haiwezi, na aghalabu uangalifu wake mwanzoni mwa mbio humshinda kaka yake mwenye pupa. Akipewa nguo za stara zinazofaa majini, jaketi lake na mwalimu mwenye heshima, mzazi hana sababu ya kumzuia.

Twapenda vilevile kuwaonya watu wazima, kwani wao ndio hasa huuharibu mchezo huu. Yuko mzazi anayesimama gatini na kumgombeza mtoto kwa kuwa wa sita. Yuko mwalimu anayekaa katika boti ya mashine na kupiga kelele za maelekezo wakati wa mashindano, ingawa sheria yakataza mshindani kusaidiwa na mtu wa nje. Wako wanaomchagua mtoto mmoja mwenye kipaji, wakampa mashua nzuri na safari, na wengine kumi na wanane wakaachiwa matanga yaliyochanika. Hawa wamesahau maana ya mbio za kundi. Mtoto mmoja hawezi kushindana na nafsi yake. Ubora wa wa kwanza hutegemea ubora wa wa kumi. Ukitaka bingwa, lea kundi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini mabaharia wengi wenye ujuzi hukifikisha bandarini.

Tena tusisahau kwamba katika kitabu cha sheria za mchezo huu, sheria ya kwanza kabisa haihusu kushinda. Inamtaka kila mshindani amsaidie mtu yeyote aliye hatarini kadiri awezavyo. Katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, mbio zikifanyika katika bahari iliyochafuka huko Pusan, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika mbio zake alipowaona mabaharia wawili wa Singapore wamepinduka na kuumia. Aliiacha mbio, akawaokoa, akangoja mpaka walipochukuliwa, kisha ndipo akaendelea. Waamuzi walimrudishia nafasi yake ya pili katika mbio ile, na alitunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin. Medali ya kawaida hakuipata. Lakini washindi wangapi wa mwaka ule twawakumbuka leo kama tunavyomkumbuka yeye? Mtoto wetu na aisikie habari hiyo siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa kikombe.

Basi nini kifanyike? Vilabu vyenye mashua na vifungue lango kwa watoto wa vijiji vya jirani, si kwa siku moja ya picha, bali kila wiki, kwa orodha ya majina na kwa mwalimu anayejulikana. Shule zilizo karibu na maji na zifanye kuogelea kuwa somo, na mashua kuwa tuzo ya somo hilo. Mafundi wa vyombo na wapewe kazi ya kuunda mashua kumi kumi za namna moja. Manahodha wazee na wakaribishwe kufundisha upepo na maji, wakiketi pamoja na vijana waliosomea sheria na bendera, maana kila mmoja ana nusu ya elimu ambayo mwenzake hana. Wenye dhamana ya michezo na waweke kalenda ya mbio katika pwani na maziwa yetu, ili mtoto wa Tanga akutane na wa Mwanza, na wa Kilwa akutane na wa Pemba. Na wazazi na watoe kile ambacho hakiuzwi dukani: ruhusa na subira.

Hatuahidi medali. Mwenye kuahidi medali kwa mtoto wa miaka 10 ni mwongo. Twaahidi kitu kikubwa zaidi: kizazi kisichozama, kinachojua kupisha na kupishwa, kinachojiadhibu kikikosa pasipo mtu kuona, na kinachoweza kuupanda upepo wa mbele kwa akili badala ya kuulalamikia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kusi itavuma mwaka huu kama ilivyovuma miaka yote, na kaskazi itafuata. Lililobaki ni sisi kuwapa watoto tanga la kuupokea upepo huo.